Bega la Kushoto la Firmin

Mtu anayekata nguo kwa kukisia simpendi, na sitaki akae karibu na meza yangu. Nasema mapema ili mnielewe. Mimi, Pétronille, nilifundishwa na masista hapa Uvira, miaka ya Wabelgiji, kwamba kwanza unapima, halafu unachora kwenye karatasi, halafu unakata karatasi, na kitambaa kinakuja mwisho kabisa. Karatasi hiyo tuliiita patroni. Masista walikuwa na karatasi nzuri kutoka Ulaya. Sisi tulitumia mifuko ya saruji, tukaikung'uta vumbi na kuipiga pasi. Kila mteja alikuwa na patroni yake, jina lake limeandikwa juu kwa penseli nyekundu, inaning'inia kwenye msumari. Ukiingia dukani kwetu, kwenye barabara ya kushukia ziwani, ulikuwa unakuta nusu ya mji imepangwa ukutani, wanene kwa wembamba.

Nasema kwetu kwa sababu duka lilikuwa la watu wawili. Mimi nilikata, Agnès alishona. Tulisoma pamoja kwa masista, yeye nyuma yangu miaka miwili, na mpaka leo ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ni mfupi, kifua kipana, mkimya. Mimi ni mrefu na mwembamba, na mdomo wangu mnausikia wenyewe. Mimi sikuwa na subira ya cherehani. Yeye, ukimpa makasi juu ya kitambaa kipya, alikuwa ananirudishia mimi. Basi tulifaana.

Mwaka wa sitini, uhuru ulipokaribia, wateja walitutoa roho. Kila mtu alitaka nguo mpya ya tarehe thelathini mwezi wa sita, hata watu niliodhani hawana mwili, maana miaka yote niliwaona wamevaa kaptula ileile. Kilipobaki kipande kimoja cha kitambaa cha buluu chenye nukta nyeupe, nilimwambia Agnès kwamba hiki hakiuzwi, hiki ni cha wanaume wetu. Tukatoa mashati mawili. Mume wangu Firmin alikuwa karani kwenye ofisi ya serikali. Mume wake Donatien alikuwa dereva wa lori. Urefu wao ulikuwa mmoja, unene mmoja. Siku ya uhuru walipita mjini bega kwa bega na watu wakawaita mapacha, na jina hilo likawaganda.

Lakini hawakuwa sawa. Firmin alipokuwa kijana alianguka kutoka kwenye mchikichi, akavunjika mfupa wa bega, na mfupa ukaunga vibaya. Bega lake la kushoto liko chini ya la kulia kwa vidole viwili. Ukimtazama huoni kitu, kwa sababu nguo zake nakata mimi. Mvalishe shati la kununua, utaona kola imekimbilia shingoni upande mmoja. Alikuwa anaona haya, kwa hiyo tuliojua ni mama yake, mimi, na Agnès aliyekuwa anaunganisha vipande. Watu wengine wote walijua karani amenyooka.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa tano, waasi waliingia Uvira. Sitadanganya, kuna watu walioshangilia. Wakubwa wapya walikuwa wametuchosha kabla hawajakaa vizuri kwenye viti. Shangwe ziliisha lilipotokea daftari. Lilikuwa daftari la shule, la kawaida kabisa, na Komanda wao alitembea nalo chini ya kwapa. Ndani yake yaliandikwa majina ya makarani wote wa mji. Aliyeandikwa alitafutwa, na aliyepatikana hatukumwona tena.

Firmin aliandikwa. Aliondoka asubuhi moja, shati la buluu mwilini, mikono mitupu, akapita kwenye migomba kuelekea mto Ruzizi, ili avuke aingie Burundi. Aliniambia, "Usinisindikize." Nami kwa hasira zangu nikamwambia, nani alikwambia nataka kukusindikiza. Ndiyo maneno tuliyoachana nayo, na mnaweza kukisia nililala nayo vipi.

Donatien yeye hakuwa na shida, ndivyo tulivyoamini. Alikuwa ameondoka na lori wiki tatu kabla, kwenda Bukavu, na barabara ya Luvungi ikafungwa nyuma yake. Yuko upande wa serikali, tulisema, anakula na kulala. Nilimtania Agnès kwamba bwana yake atarudi na kitambi na mimi nitalazimika kuchora patroni upya.

Siku ya tisa tangu Firmin aondoke, wavuvi wa Kavimvira walileta maiti. Walikuwa wameikuta mahali mto unapoingia ziwani. Walimlaza uani kwangu juu ya mkeka, wakafunua kidogo, wakafunika haraka. Uso maji yalikuwa yameuharibu. Ila nukta nyeupe kwenye buluu niliziona, na watu wote waliziona. Mama mkwe wangu, Mama Domitille, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Mimi sikulia. Nilisimama tu pale, masikio yameziba, nikamtazama Agnès. Alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka na kushika shati kifuani pa maiti, kwa vidole viwili, kama anavyoshika nguo akitafuta uzi uliolegea. Nilidhani ananililia mimi.

Tulizika alasiri ileile, kwa sababu hali haikuruhusu kungoja. Komanda alikuja makaburini na daftari lake. Aliuliza jina, akaambiwa, akafungua, akalamba ncha ya penseli na kupiga mstari. Nilimwona. Firmin wangu akawa mstari. Shati walilivua wakati wa kumwosha, na Agnès akalichukua kulifua mwenyewe, kwa sababu mimi sikuweza kuligusa.

Siku mbili nilikaa kwenye mkeka wa matanga, nimenyolewa kichwa, watu wakija na kuondoka. Agnès alipika. Alisonga ugali wa matanga yote, alitwanga majani ya muhogo ya sombe, aliosha vyombo, na kila nilipoinua macho alikuwa ameinamia moto, macho mekundu. Moshi, nilisema moyoni.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mama Domitille aliagiza nguo za marehemu ziletwe zigawiwe ndugu zake, kama kawaida yetu tunapofunga matanga. Shati la buluu lilikuwa limepangiwa kaka mkubwa wa Firmin. Nikasema, siwezi kutoa nguo iliyokunjamana kutoka duka langu, hata kama nimefiwa. Niliinuka, nikaingia dukani, nikatia makaa kwenye pasi. Nilinyoosha shati. Halafu nikalikunja kwa mazoea ya kazi: katikati ya mgongo, bega juu ya bega.

Mabega yakakutana.

Nililifungua nikalikunja tena. Shati la Firmin halikunjiki hivyo. Tangu siku niliyoolewa sijawahi kukunja shati la mume wangu mabega yakakutana. Siku zote la kushoto linabaki nyuma vidole viwili, na lazima ulivute kwa ujanja. Hili lilikutana ukingo kwa ukingo, safi, kama kitabu. Nilikwenda ukutani, nikashusha patroni ya Firmin, nikaiweka juu ya shati. Haikukaa. Nikashusha iliyokuwa msumari wa pili. Karatasi ya mfuko wa saruji, jina kwa penseli nyekundu: Donatien. Nikaiweka. Ikakaa kwenye bega, ikakaa kwenye kwapa, ikakaa mpaka kwenye pindo.

Nitawaambia ukweli, hata kama unaniaibisha. Kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Furaha kubwa, ya kunitoa machozi ambayo siku tatu zote yalikuwa yamegoma. Firmin hakufa. Firmin yuko ng'ambo. Nilikaa chini sakafuni nikajiziba mdomo kwa shati lile nisije nikacheka kwa sauti. Na nikiwa hapo, mdomo ndani ya shati la maiti, nikasikia uani mchi wa Agnès ukipiga kinu. Anatwanga sombe ya matanga ya mume wake mwenyewe, na hajui. Nililitoa shati mdomoni.

Sikujua nimwambieje. Sikujua hata niinukeje. Sikupata nafasi ya kuamua, kwa sababu kivuli kiliziba mlango, na alikuwa Komanda, daftari chini ya kwapa, na nyuma yake vijana wawili wenye bunduki. Uani mchi ukasimama.

"Mama," akasema Komanda, "kuna muntu anasema ameona bwana yako huko Bujumbura. Kwa soko. Iko muzima."

Nililibana shati kifuani.

"Na minye nasikia hii shati ilikuwa mbili," akaendelea. "Mapacha, banasema. Ile ingine iko kwa nani?"

"Iko kwa bwana yangu," sauti ikasema nyuma yake. Agnès alikuwa ameingia, majani ya muhogo yamemgandia mikononi. Aliwapita vijana wenye bunduki kama anapita kati ya wateja. "Bwana yangu ni dereva. Iko Bukavu, ameenda nayo."

"Na utajuaje hii si ile?"

Agnès alijifuta mikono kwenye kikwembe chake, taratibu, kila kidole. Halafu akachukua shati kutoka kwangu. "Minye ndiye nilishona," akasema. "Huyu yaya anakataka, minye nashonaka. Angalia hapa, Komanda. Kifungo cha pili. Uzi wa buluu ulinikwishia, nikakishona na mweusi. Ile ingine vifungo vyote viko na uzi wa buluu. Hii ni ya Firmin. Ule muntu wako wa Bujumbura ameona muntu mwingine."

Komanda alichukua shati, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatazama kifungo cha pili. Uzi ulikuwa mweusi kweli. Akanitazama mimi, kichwa kimenyolewa, machozi yananitiririka, nimekaa sakafuni. Nadhani hicho ndicho kilichommaliza. Alinirushia shati mapajani. "Pole, mama," akasema, na wakaondoka. Daftari hakulifungua.

Mimi nilibaki nikitazama kile kifungo. Kwa sababu nilikijua. Mwaka wa sitini nilisimama kando ya cherehani nikamgombeza Agnès mpaka majirani wakaja: utamvalishaje mwanaume shati la uhuru lenye kifungo cha uzi mweusi, unataka watu waseme tumeishiwa? Naye akanijibu kwa upole wake kwamba nisijali, ni la Donatien, na Donatien haoni mambo hayo.

Nilifunga mlango. "Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu wavuvi wamlaze chini."

"Agnès."

"Nilishika kifungo, yaya. Nikajua." Alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia. "Aliniambiaka, siku nitarudi nitavaa lile, utanijua ningali mbali. Alikuwa anarudi kunichukua. Barabara imefungwa, na yeye anarudi."

"Na ulinyamaza. Siku tatu. Umeniacha nikae kwenye mkeka wako." Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, ndiyo tabia yangu, hata hofu kwangu inatoka ikiwa hasira. Akaniwekea kiganja mdomoni. Kilinuka majani mabichi.

"Nilitaka kulia," akasema. "Nikasema, acha wazike kwanza, halafu nitasema. Halafu yule muntu akapiga mstari. Nikaona jina la Firmin limekwisha kwenye daftari. Yaya, Donatien nikimtaja hatarudi. Lakini Firmin nikimwacha amekufa, atabaki muzima. Watu wawili, tukose wote?" Aliniondolea kiganja mdomoni. "Weye iko na ruhusa ya kulia. Lia sana. Umulilie yeye kwa jina la Firmin. Minye nitapika."

Akafungua mlango akarudi kwenye kinu. Nilisikia mchi unaanza tena, na haukukosea pigo hata moja.

Basi nililia. Watu wa mtaa ule bado wanakumbuka nilivyolia siku ile. Walisema sasa ndiyo imemwingia. Nilimlilia Donatien kwa jina la mume wangu, kwa sauti mpaka koo likachanika, na kila nilipomwona Agnès anapita na sufuria nilipandisha zaidi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia. Shati nilikataa kuligawa. Kaka yake Firmin alinuna, ukoo ukaguna kwamba mjane huyu ana mkono wa birika. Waache wagune. Jioni nililifunga kwenye karatasi nikampa Agnès, naye akaliweka ndani ya blauzi yake.

Mama Domitille hatukumwambia. Hilo mnihukumu mkitaka. Alikuwa mtu asiyeweza kuficha hata bei ya chumvi, na Komanda alikuwa anapita mlangoni kwake kila siku. Alikonda mbele ya macho yangu kwa mtoto ambaye mimi nilijua anapumua. Nilimpelekea uji na sikuweza kumtazama usoni.

Ilibaki nguo ya mjane. Kwetu mjane hajishonei. Mwingine anamshonea, na wote walijua atakuwa Agnès. Kukata, hata hivyo, nilikata mimi. Nilitandaza kitambaa cheusi mezani, nikaenda ukutani. Patroni yangu ilikuwa pale, ndefu, nyembamba. Niliiacha kwenye msumari. Nilishusha ya Agnès, nikapigia chaki kuzunguka kifua chake kipana na mgongo wake mfupi, nikakata. Nilimpa vipande. Alivishika, akavigeuza, akakisoma kifua, akausoma urefu. Mtu aliyeshona miaka kumi na mbili anajua mwili anaoushona. Alinitazama. Halafu akainamia cherehani, na hiyo ndiyo mara pekee katika miezi ile nilimwona machozi yanamdondoka, juu ya kitambaa, na sindano inapita humohumo.

Niliivaa. Kifuani ilinipwaya kama gunia, na chini ilinikatikia magotini, mjane mzima miguu nje. Mshonaji mkubwa wa Uvira. Wanawake sokoni waliziba midomo kwa kanga. Mmoja alisema kwa sauti nisikie kwamba uchungu umemharibia hata mkono, msimpelekee vitambaa. Kweli hawakuleta. Kitu kilichoniuma kuliko hicho ni mteja mmoja, mtu niliyemkatia nguo ya arusi, aliyeniuliza kwa huruma kama namhitaji mtu wa kunisaidia kupima. Nilimeza. Sijawahi kumeza maneno mengi hivyo katika maisha yangu. Karibu miezi mitano nilivaa nguo ile, kila siku, na kila jioni niliifua mwenyewe ili isichakae.

Mwezi wa kumi askari wa serikali walirudi na waasi wakakimbilia kusini, upande wa Fizi. Siku chache baadaye, mchana kweupe, Firmin aliingia uani. Amekonda, ndevu, viatu vya mtu mwingine, na shati la buluu lenye nukta nyeupe, limefifia mpaka karibu kuwa jeupe. Watoto walikimbia. Jirani mmoja alidondosha ndoo ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na hakurudi kuiokota. Mama Domitille alitoka jikoni, akamwona, akarudi ndani, akatoka tena. Alimwendea mwanawe, na kabla hajamkumbatia alimpapasa bega la kushoto. Halafu akalia.

Mtaa wote ulijaa uani. Walimgusa, walimvuta ndevu, walimuuliza kama amekula. Firmin alinitazama kichwa na ile nguo, akasema, "Nani alikukatia hiyo?" Niliwatazama majirani. Kwa sababu furaha ya watu ilikuwa imeanza kupungua, mmoja mmoja, kila mtu alipofika kwenye swali lilelile. Mzee mmoja wa wavuvi wa Kavimvira ndiye aliyelitoa. "Basi yule tuliyemzika," akasema, "alikuwa nani?"

Agnès alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka.

Niliingia, nikampita. Nilivua ile nguo, nikajifunga kikwembe, nikaikunja katikati ya mgongo, bega juu ya bega. Nilitoka nayo mikononi mbele ya wote nikampa Agnès. Alifungua vifungo, akaivaa palepale juu ya blauzi yake, akafunga mpaka cha shingoni. Mama Domitille aliona kabla ya wengine, akakaa chini kwenye vumbi. Halafu wakaona wote.

Nilizunguka nyuma ya Agnès kuangalia, kama ninavyofanya kwa kila mteja. Hapakuwa na mahali pa kubana wala pa kuachia.